Mfalme Ndani ya Mkate

Sabiha aliuzungusha ufunguo mara mbili, akauchomoa mlangoni, akautia kifuani na kuupigapiga juu ya gauni kama mama anayembembeleza mtoto alale.

"Haya," akasema. "Sasa tumetulia."

Nuhad alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu mumewe, amevaa nyeusi kuanzia utosini hadi soksi. Alimtazama wifi yake kwanza, ndipo akasema.

"Wifi, eda ni kukaa ndani. Si kufungiwa ndani."

"Tofauti yake nini?"

"Ufunguo."

"Basi chukulia kwamba nakusaidia kukaa."

Kahawa ya matanga ilikuwa bado jikoni, ile chungu isiyotiwa sukari, na wageni walishaondoka na pole zao. Wengine wote walirudi makwao. Sabiha alibaki, kwa kuwa alikuja na mto wake wa kulalia, na mwenye kuja na mto wake haji kukesha.

Munir, mume wa Nuhad, alikufa kwenye kiti cha kinyozi, chini kabisa ya roshani yake mwenyewe, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu. Kufa huko si kubaya sana; pale Saida, miaka ile vita vilipokuwa vimekwisha juzijuzi, watu walikwishaona vifo vya kila namna, na kufa umeketi, taulo jeupe shingoni, ilikuwa karibu na anasa. Lakini Sabiha hakuona hivyo. Alikuwa akiishi Beirut, nyumbani kwa kaka yao mkubwa Rashad, muuza vigae. Habari ilimfikia asubuhi, njiani akakuta vizuizi vya askari, na alipofika mlangoni jeneza lilishapita. Wanawake hawafuati jeneza. Akaambulia kiti kitupu. Jambo aliloambiwa na akalishika kwa meno ni hilo moja: mdogo wake kaondoka nusu kanyolewa.

"Kama kondoo aliyemshinda mkata manyoya," alisema, na tangu siku ile hakumtaja kinyozi kwa jina.

Munir hakuacha mtoto. Aliacha nyumba. Na nyumba isiyo na mtoto, jamani, huota ndugu kama ukuta mbichi unavyoota ukungu. Sheria iliigawa waziwazi: robo ya mjane, robo ya Sabiha, nusu ya Rashad. Ila Rashad hakupenda kugawa. Muuza vigae anajua kigae kilichovunjika hakina mnunuzi. Mwanawe Bassim alikuwa anaoa. Basi ikaamuliwa, na neno hili "ikaamuliwa" watu hulipenda kwa sababu halina mwenyewe, kwamba eda ikiisha Nuhad atahamia Beirut, atalala chumba kimoja na Sabiha kando ya jiko, na nyumba atapewa bwana harusi. Kazi ya Sabiha ilikuwa kumlinda mjane, kizuka wa eda, mpaka siku hiyo, asije mtu akamtia maneno.

Nuhad aliambiwa hayo yote akiwa ameketi kwenye kiti kilekile. Hakuwa amelia tangu siku ya kifo. Chozi lilikwama mahali fulani, na chakula nacho kikakwama hapohapo.

*

Chini ya roshani ile palikuwa na duka la Abu Lutfi, kinyozi. Kila Alhamisi alasiri, kabla ya msiba, watu watatu walikutana mle: Abu Lutfi mwenyewe, Naqula aliyekuwa mwalimu wa jiografia, na Nuhad. Walikuwa wakusanyaji wa sarafu za kale. Kule Saida ardhi haijui kunyamaza. Ukichimba msingi wa choo unaamkiwa na kaisari. Watatu hao walikuwa na visanduku vyao vya pamba, na walikuwa na kanuni moja iliyowashinda watu wengi kuielewa: hawakupeana kitu, na hawakuuziana. Walibadilishana tu. Hata kiberiti. Abu Lutfi aliwahi kumwomba Naqula kijiti kimoja, akatakiwa atoe njugu.

Na palikuwa na desturi yao nyingine. Mwenye sarafu hapendi itoke mkononi mwake. Kwa hiyo mwenzake akiitamani, huchukua karatasi ya fedha, ile inayofunikia sigara ndani ya pakiti, huilaza juu ya sarafu, huikandamiza kwa kidole gumba, kisha huisugua kwa kifutio cha penseli. Sura ya mfalme hupanda juu ya karatasi, pua yake na ndevu zake, mpaka chunusi. Karatasi ni nyepesi kama ngozi ya kitunguu. Ukiishika vibaya mfalme anakufa mara ya pili.

"Mkate umerudi tena," alisema Abu Lutfi Alhamisi ile. Alikuwa amesimama mlangoni na wembe mkononi, ingawa hakukuwa na mteja. Tangu Munir afie pale, wateja walikuwa wamejikumbusha kwamba ndevu ni sunna. "Umm Wadii wa ghorofa ya pili kaniambia. Unapanda laini, unashuka mgumu."

Mkate wa Nuhad ulipanda kwa kapu. Aliteremsha kapu kwa kamba kutoka roshani, mwoka mikate akaweka mikate bapa miwili, akalivuta. Hiyo ndiyo njia pekee iliyokuwa imebaki wazi.

"Twende tukampe pole," alisema Naqula.

"Wanaume wawili, hatuna udugu naye, na wewe Mkristo juu yake? Yule mlinzi atatumwagia maji ya dengu."

"Tumpigie simu."

"Nilipiga. Kapokea yeye. Kaniuliza, 'Nani?' Nikasema, 'Jirani.' Akasema, 'Jirani yupi?' Nikakata. Naqula, mimi ni mtu mzima, nimekata simu kama kijana aliyempigia binti wa watu."

"Kwa nini usijitaje?"

"Nijitaje vipi? 'Mimi ndiye niliyemnyoa ndugu yako upande mmoja'?"

Naqula alivuta sigara yake ya mwisho kutoka pakiti, akaitazama ile karatasi ya fedha iliyobaki, akamtazama mwoka mikate ng'ambo ya uchochoro. Mkate bapa una mfuko ndani yake, kila mtu anajua. Kila mtu huweka jibini.

"Abu Lutfi," akasema, "una mfalme gani mjinga kuliko wote? Si kupeana; eda ikiisha atatulipa wake."

Wakapekua visanduku. Kinyozi alikuwa na tabia ya kuwahukumu watawala kwa nywele zao. "Huyu kanyolewa na mkwe wake, na mkwe hampendi. Huyu aliinuka kabla sijamaliza, namaanisha kabla hajamaliza mwenzangu. Tazama huyu malkia wa Misri, wanasema alikuwa mzuri! Pua yake ingefika kikaoni kabla yake." Mwishowe wakakubaliana juu ya mfalme mmoja wa mashariki, mwenye jicho kubwa kama yai la kukaanga, lililochorwa mbele wakati uso wote umegeuka upande, na mdomo wa mtu aliyemeza nzi katikati ya hotuba.

Kwenye ukingo wa kioo cha duka palikuwa na sarafu nyingine, imechomekwa kati ya kioo na mbao. Naqula aliinyooshea mkono.

"Hiyo hapana," alisema Abu Lutfi haraka.

Ilikuwa ya kaisari wa Rumi, mtu wa videvu vitatu, kila kimoja kimekaa juu ya mwenzake kama mikate kwenye ubao. Kila Munir alipokaa kunyolewa, walikuwa wakimgeuza upande, wanailinganisha na shavu lake, na duka zima linacheka, Munir akicheka kuliko wote mpaka povu linaingia puani. "Mpigieni saluti kaisari," alikuwa akisema, "kisha mpunguzieni bei."

"Hiyo hapana," alirudia kinyozi. "Hiyo itamuua."

*

Nuhad aliupasua mkate bila njaa, kwa sababu Sabiha alikuwa akimtazama. Jicho moja kama yai likamtazama kutoka ndani.

Alilitambua hapohapo. Alikwisha kumtamani mfalme yule miaka mingi na Abu Lutfi akamnyima. Na sasa yuko hapa, ndani ya mkate, ana chembe ya ufuta juu ya pua. Kitu kikamtoka Nuhad kooni. Sabiha akaruka.

"Nini hicho?"

"Nimepaliwa."

"Mtu aliyepaliwa hasikiki hivyo."

"Kila mtu na koo lake, wifi."

Akaula ule mkate wote. Mfalme akamficha kwenye soksi, akaketi naye mchana kutwa.

Basi wakaanza kuja. Akaja malkia wa pua. Akaja mungu wa Tiro mwenye shingo nene, ambaye Naqula alimwandika pembeni kwa ncha ya penseli: *huyu hageuki, anageuza nyumba*. Akaja mfalme mmoja mwenye kofia kama kishungi cha jogoo, na mtoto wa kaisari aliyenuna kama aliyenyimwa halua. Nuhad akaanza kula. Rangi ikarudi kidogo. Lakini kicheko ni kama mvuke wa sufuria. Ukiubana kifuniko unatafuta tundu. Siku ya mtoto aliyenuna kilimtoka roshanini, kikashuka ghorofa moja, na Umm Wadii, ambaye masikio yake hayakuwahi kukaa eda, akakipokea.

Alipanda akiwa na sahani ya wali wa dengu kama kisingizio. Sabiha akamfungulia, akasimama katikati ya mlango kama kabati.

"Makiwa tena, dada Sabiha. Nimesikia sauti. Nikasema, labda kizuka kazidiwa."

"Kazidiwa na nini?"

"Ilikuwa kama kicheko. Lakini mimi ni nani? Labda siku hizi wanalia hivyo."

Sabiha alifunga mlango na uso umemwiva. Hakumpigia Nuhad kelele. Alichukua kapu na kamba yake, akavitia chini ya kitanda alicholalia.

"Kuanzia leo mkate nitavuta mimi. Na roshanini usitoke. Mdogo wangu hajakauka kaburini, wewe unacheka! Unacheka nini? Niambie na mimi nicheke."

Nuhad hakuweza kumwambia. Ungemwambiaje mtu kama yule? Ninamcheka mfalme aliyekufa kabla ya Masihi kwa sababu jicho lake limekaa vibaya?

Jioni ile Sabiha alimpigia simu Rashad, na simu ilikuwa sebuleni, kwa hiyo Nuhad alisikia upande mmoja wote, na upande wa pili robo tatu, maana Rashad alizoea kuongea na mafundi.

"Anacheka? Mjane? Unaona sasa! Huyo si wa kuachwa peke yake na nyumba. Kesho Jumapili nakuja na Bassim tupime vyumba. Asije akapata muda wa kuzoea."

"Eda haijaisha, kaka."

"Kupima si kuhamia. Na wewe ukirudi, usishangae, mke wangu kaweka magunia ya sabuni chumbani kwako. Mtabanana kidogo. Nuhad ni mwembamba."

"Na kitanda changu?"

"Kipo. Kimesimamishwa ukutani."

Sabiha aliweka simu chini, akakaa na mkono juu yake. Nuhad, kutoka kwenye kiti, aliuona mgongo wa wifi yake ukiwa umeinama, akauona ufunguo ukijichora kupitia kitambaa cha gauni. Kwa mara ya kwanza alifikiri kwamba mtu anaweza kubeba ufunguo na bado asiwe na mlango.

Aliukumbuka mlango wake mwenyewe, roshani, ile ndoano ambayo Munir aliipigilia ukutani ili aning'inize kapu, akajipiga kidole, akaapa kwa lugha tatu. Jumapili watu watakuja na utepe wa kupimia. Watapima mpaka ndoano.

*

Jumapili umeme ulikatika kabla ya adhuhuri, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya paa. Dukani kwa Abu Lutfi hapakuwa na mteja wala mwanga. Kinyozi mwenyewe alikwenda kutafuta mshumaa.

Naqula alibaki peke yake na visanduku. Alikuwa na majivuno yake, kama sisi sote: alidai anazitambua sarafu zote za Saida kwa kidole gumba. "Macho ni ya wanaoanza," alikuwa akisema. Mwoka mikate akamwita, kapu limeteremka, upesi! Naqula akapapasa juu ya meza, akapata kichwa kinene chenye shingo ya fahali. Mungu wa Tiro tena, akafikiri, yule mwingine, mwenye masikio. Akaweka karatasi, akakandamiza, akasugua gizani, akaingiza kwenye mkate, mkate kapuni.

Kapu likapanda kwa kasi, likigonga ukuta, likikwaruza. Nuhad alikuwa akivuta taratibu siku zote.

Abu Lutfi aliporudi na mshumaa, kitu cha kwanza alichokiona ni ukingo wa kioo. Pale palipokuwa na kaisari palikuwa wazi. Asubuhi alikuwa ameichomoa afute vumbi, akaiweka mezani, akaisahau.

"Naqula. Umetuma nani?"

"Mungu wa Tiro. Yule wa masikio."

Kinyozi alileta mshumaa karibu na meza. Videvu vitatu vikang'aa.

"Mwalimu," alisema polepole, "kidole gumba chako kakipe chai. Umemtuma Munir."

Wakatoka wote wawili mbio hadi uchochoroni, wakatazama juu. Roshani ilikuwa tupu. Na hapo ndipo walipoliona gari la Rashad likijipenyeza kwenye kona, Bassim pembeni, utepe wa kupimia wa rangi ya njano juu ya dashibodi.

*

Sabiha hakuwa amekula tangu jana. Alikuwa amemwambia Nuhad akae chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha, mpaka wanaume wamalize kupima na kuondoka, na Nuhad akaenda, kwa sababu mtu aliyechoka huenda anakoambiwa. Sasa Sabiha alisimama peke yake jikoni, akaumega mkate palepale juu ya kapu, akautia mdomoni, akauma.

Meno yakakuta kitu cha bati. Akakitema kiganjani. Alidhani ni uchafu wa mwoka, na tayari alikuwa anaandaa matusi. Akakinyoosha kwa ncha ya kidole, akakipeleka kwenye mwanga mdogo wa dirisha.

Mdogo wake alikuwa amegeukia kushoto. Paji lake lilelile, pua yake ilelile nzito, na videvu, kimoja, viwili, vitatu, na ule mkunjo mdogo chini ya sikio ambao hakuna kaisari aliyepaswa kuwa nao. Alikuwa amevaa shada la majani kichwani na uso wa mtu anayengoja kuletewa kitindamlo.

Sabiha hakujua sauti ilitoka wapi. Ilianza kama kikohozi, ikapanda, ikawa kicheko, kicheko kikubwa kibaya cha mwanamke ambaye hakukitumia kwa muda mrefu na hajui kukishika. Akashikilia sinki. Chini yao dirisha likafunguka.

"Hata wewe, dada Sabiha?" alilia Umm Wadii. "Ya Rabi, imekuwa ugonjwa!"

Nuhad alitoka kule ndani akikimbia, soksi mguu mmoja. Aliiona karatasi. Akaufunika mdomo wake kwa mikono yote miwili.

"Nani... nani kakupa?"

"Alikuwa ndani ya mkate! Munir! Kavaa majani!" Sabiha alikuwa hawezi kuvuta pumzi. "Tazama... tazama hivi. Nilikuwa nikimwogesha, mtoto, mama alikuwa mgonjwa, nilimlea mimi. Ilinibidi nichukue ncha ya kitambaa nifute maziwa katikati ya kidevu na kidevu. Yalikuwa yanaganda humo. Mama alikuwa akisema, 'Umemfuta ghorofa ya pili?'"

Nuhad alicheka, na katikati ya kicheko lile chozi lililokwama tangu siku ya kwanza likapata njia, likashuka, likafuatwa na ndugu zake wote. Wakakaa chini, juu ya sakafu ya jikoni, wanawake wawili wazima weusi kama kunguru, mmoja amemshika mwenzake kwa kiwiko, na haikujulikana nani analia na nani anacheka, na nani anaanza pale mwingine anapoishia.

"Sikumwona," alisema Sabiha pumzi ilipomrudia. "Nilipofika walikwishamchukua. Rashad akagawa nguo zake sadaka siku ya pili, hata shati sikupata. Nimelala humu muda wote huu nikijaribu kuukumbuka uso wake, na kila nikifumba macho naona shavu moja lina povu." Akaitazama karatasi kiganjani. "Nipe hii, Nuhad."

Nuhad alijifuta pua kwa upindo wa gauni.

"Usiifumbe mkono. Itafutika."

"Nipe."

"Sisi hatupeani, wifi."

"Sisi nani?"

"Sisi wa sarafu. Hatupeani wala hatuuziani. Tunabadilishana."

Sabiha alimtazama kana kwamba amemtukana. "Mimi nina nini? Kitanda changu kimesimamishwa ukutani. Nina nini cha kubadilisha, mimi?"

Nuhad alitazama tu kifuani pa Sabiha, pale kitambaa kilipochora umbo la meno ya ufunguo.

Ngazini viatu vilikuwa vinapanda, jozi mbili, vya watu wanaojua waendako. Mlango ukagongwa.

"Sabiha! Fungua, ni sisi."

Sabiha hakusogea. Alikuwa na karatasi kwenye kiganja cha kushoto, amekinyoosha kama mtu aliyebeba yai bichi. Mkono wa kulia ukapanda taratibu, ukasimama shingoni, ukarudi chini.

"Atanifukuza," alinong'ona.

"Kwenye magunia ya sabuni?"

"Sina pa kwenda, Nuhad."

"Chumba kile cha ndani hakina dirisha," alisema Nuhad. "Lakini sebule inayo. Weka mto wako sebuleni, ukae na mimi."

Mlango ukagongwa kwa nguvu. "Sabiha! Umelala? Bassim ana haraka!"

Mkono ukaingia kifuani. Ufunguo ukatoka na joto la mwili, ukakaa juu ya kiganja cha Nuhad. Nuhad akaufumba. Kisha, kwa sababu kanuni ni kanuni, akasema, "Tumebadilishana," na Sabiha, asiyejua inavyojibiwa, akasema, "Tumebadilishana."

"Ufunguo uko wapi?" alifoka Rashad nje.

Sabiha alisimama. Alijiweka sawa mtandio, akaenda mpaka mlangoni, akasema na mbao kwa sauti ya adabu aliyofundishwa utotoni.

"Kaka, ufunguo anao mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba nani?"

"Nuhad. Naye yuko eda. Haonani na wanaume wasio maharimu wake."

"Mimi ni shemeji yake!"

"Ndiyo hivyo, kaka. Shemeji aweza kumwoa, si maharimu. Muulize shekhe yeyote."

Bassim akasikika akisema, "Baba, kweli si maharimu," na kofi dogo likasikika pia.

"Sabiha, umerogwa? Mimi nina nusu ya nyumba hii!"

"Unayo. Robo yake na robo yangu ziko huku ndani. Nusu yako iko huko nje. Pima ngazi."

Alipomaliza kusema hayo akaketi kwenye kiti cha Munir bila kuomba ruhusa. Nje walibaki kidogo, wakaahidi wakili, wakaahidi laana ya marehemu wazazi, wakaahidi kwamba kitanda kitatupwa barabarani. Kisha viatu vikashuka. Rashad si mtu wa kuahidi bure, na hao wawili walijua atarudi, na atarudi na karatasi. Mlango ulikuwa bado umefungwa mara mbili, na eda ilikuwa bado na wiki zake.

Nuhad alikwenda roshanini. Alivuka kizingiti alichokatazwa, akautundika ufunguo kwenye ndoano ya kapu, mahali ambapo kila mtu mle ndani angeweza kuufikia.

Chini, Abu Lutfi na Naqula walikuwa wamesimama katikati ya uchochoro kama watu wanaosubiri hukumu, mmoja na wembe, mwingine na kidole gumba chake. Nuhad akawanyooshea kidole kuwaonyesha wangoje. Sabiha alikuwa amemfuata nyuma. Aliinama juu ya ukingo wa roshani, na hata salamu hakutoa.

"Wewe kinyozi!"

Abu Lutfi akavua kofia. "Naam, bibie."

"Lile shavu la pili. Nani alilimaliza?"

Kinyozi aliutazama wembe mkononi mwake, kisha akatazama juu.

"Mimi, dada. Kabla hatujampandisha. Nilibadilisha maji, nikatia maji ya moto, ingawa... Sikuweza kumwachia vile."

Kiganja cha kushoto cha Sabiha kilikuwa bado kimenyooka, na kaisari juu yake akiitazama bahari.

"Na chini ya videvu?"

"Vyote vitatu, dada."

Sabiha akatikisa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo wake na kuukuta umetimia. Akaingia ndani kuleta kapu.

"Mwoka!" aliita alipolishusha. "Mikate minne leo."